Je, Wajua? Tunduma, Mpaka Unaowapima Viongozi

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya TANZAM, nchi inakwisha Tunduma, baada ya kilomita zaidi ya 900. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Kati ya miji hiyo miwili hakuna mto wa kuvuka wala mlima wa kupanda. Kuna lango, foleni ya malori, na watu wenye shilingi mkono mmoja na kwacha mkono wa pili. Habari zifuatazo zimetoka kwenye mpaka huo na kwenye vilima vya jirani vya Mkoa wa Songwe. Nyingine ni za zamani, nyingine za juzi, lakini zote zinagusa swali moja: kiongozi hufaa kwa jinsi alivyozaliwa, au kwa njia aliyopitia na mazingira yaliyomkuta kazini?

Je, wajua kwamba barabara ya Tunduma iliwahi kuitwa Njia ya Jehanamu?

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na serikali yake ya walowezi walijitangazia uhuru huko Rhodesia ya Kusini. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu kama nchi huru, na karibu kila kitu chake kilipita mikononi mwa Rhodesia. Mafuta yalitoka huko. Makaa ya mawe ya kuendeshea migodi yalitoka huko. Shaba, iliyokuwa ikiilisha serikali nzima, ilikwenda baharini kwa reli iliyopita huko huko. Desemba mwaka huo Uingereza ilipoweka vikwazo vya mafuta dhidi ya Smith, naye akawakatia Wazambia.

Ndipo mapipa ya mafuta yalipoanza kupakiwa kwenye malori Dar es Salaam na kupandishwa hadi Mbeya, Mbozi, Tunduma, kisha kuingia Zambia. Barabara wakati huo haikuwa na lami sehemu kubwa ya safari. Kiangazi ilikuwa vumbi la kumfanya dereva asimwone aliye mbele yake. Masika ilikuwa tope linalomeza magurudumu, na kwenye kona za milimani malori yalipinduka na watu wakafa. Ndiyo maana ikaitwa Njia ya Jehanamu.

Sasa mtazame Rais Kenneth Kaunda wa Zambia katika mwaka huo. Alikuwa na miaka 41. Alikuwa mwalimu kwa kazi yake ya awali, mtoto wa mchungaji, mtu wa imani, na alikuwa akiiogopa China ya kikomunisti. Rais Julius Nyerere wa Tanzania alikuwa amekwisha kwenda Beijing Februari 1965 na kurudi na ahadi kwamba Wachina wako tayari kujenga reli ya kuunganisha Dar es Salaam na Zambia. Kaunda hakuikimbilia ahadi hiyo. Alitaka fedha za nchi za Magharibi kwanza. Lakini Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli hiyo haina faida ya kutosha, na wakubwa wengine wakawa wanaomba utafiti juu ya utafiti.

Juni 1967 Kaunda mwenyewe alikwenda China. Septemba mwaka huohuo nchi tatu zikatia saini makubaliano ya reli. Sidhani kwamba katika miezi hiyo Kaunda alibadilika imani au tabia. Alikuwa amekaa karibu miaka miwili akihesabu mapipa. Mtu anayeongoza nchi isiyo na bahari, huku jirani yake ameshika bomba la mafuta, hujifunza mambo ambayo hakuna semina inayoweza kumfundisha.

Nyerere naye alikuwa na makovu yake. Januari 1964 wanajeshi wake walikuwa wameasi. Desemba 1965 alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya suala la Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Makubaliano ya reli yalipotiwa saini mwaka 1967, alikuwa anajua bei ya msimamo, kwa kuwa alikwisha kuilipa.

Matokeo yake yanapita Tunduma hadi leo. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China wa yuan milioni 988 usio na riba. Reli ikafika mpakani Tunduma mwaka 1973, na njia yote ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Barabara nayo ikapata lami.

Je, wajua kwamba miaka mingi kazini haimfanyi mtu kuwa kiongozi bora?

Hapa tutoke Tunduma kidogo. Fred Fiedler alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1922, akahamia Marekani na kuwa mwanasaikolojia. Alitumia maisha yake kuchunguza viongozi wa vikundi vya kazi: wanajeshi, wanamaji, wazimamoto, wasimamizi wa viwanda. Mwaka 1970 alichapisha matokeo yaliyowaudhi wengi. Alikuwa amelinganisha miaka ya uzoefu ya viongozi na ubora wa kazi ya vikundi vyao, akakuta kwamba kwa jumla hakuna uhusiano wa maana. Aliyeongoza miaka ishirini hakuwa na hakika ya kumzidi aliyeongoza miwili.

Jambo hilo linakwenda kinyume na tulivyolelewa. Sisi ni watu wa kuishi kwingi ni kuona mengi. Fiedler mwenyewe hakuridhika nalo, akaendelea kuchimba, na mwaka 1987 yeye na Joseph Garcia wakatoa kitabu chenye jibu ambalo naliona la thamani kubwa. Uzoefu una nguvu, ila nguvu yake huonekana wakati wa msukosuko. Hali ikiwa tulivu, kiongozi mwenye akili nyingi hufanya vizuri, kwa sababu ana nafasi ya kukaa, kupima na kupanga, na uzoefu hauongezi sana. Mara nyingine hata humfanya mtu achoke na kuzubaa. Hali ikichafuka, hasa kiongozi akiwa na mkubwa anayemfokea, akili hiyo hiyo hutawanyika. Anaanza kuwaza atakavyojitetea badala ya kuwaza kazi. Hapo aliyewahi kupita njia hiyo ndiye anayeona pa kukanyaga, kwa kuwa mwili wake na kumbukumbu zake vinajua la kufanya kabla hofu haijamfikia.

Mtu yeyote aliyekaa Tunduma atalielewa hili upesi. Mtandao wa forodha unapofanya kazi na malori yanapita, ofisa kijana mwenye shahada nzuri anang'ara. Mtandao ukikatika, foleni ikarudi nyuma kilomita kadhaa kuelekea Mbozi, madereva wakaanza kupiga honi na simu zikaanza kuingia kutoka Dar es Salaam na Dodoma, watu wote ofisini humgeukia yule mzee wa ofisi aliyeshuhudia foleni za miaka iliyopita. Anajua nani apigiwe simu Nakonde. Anajua malori ya kemikali yasikae karibu na ya mafuta. Na anajua kwamba dereva aliyelala kwenye usukani siku tatu akiambiwa ukweli, hata ukiwa mbaya, hutulia kuliko akidanganywa.

Je, wajua kwamba mpaka wa Nakonde ulifungwa kwa siku chache tu mwaka 2020, na siku hizo zilitosha?

Mapema Mei 2020 Zambia ilipima watu Nakonde na kukuta maambukizi mengi ya UVIKO-19: kati ya wagonjwa wapya 85 waliotangazwa nchini siku moja, 76 walikuwa wa mji huo mmoja. Rais Edgar Lungu akaamuru mpaka ufungwe kuanzia tarehe 11 Mei. Malori yakasimama Tunduma. Lakini mafuta, bidhaa na shaba za Zambia zilipita hapohapo, na haikuchukua wiki kabla ya mizigo kuanza kuruhusiwa tena kwa utaratibu mpya.

Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa kigeugeu. Mimi siuoni hivyo. Kufunga kuliwapa watu wa afya muda wa kupumua na kupanga namna ya kuwapima madereva. Kufungua kuliiokoa nchi isikaukiwe. Hekima ilikuwa katika kupima ni siku ngapi mpaka unaweza kufungwa kabla tiba haijawa ugonjwa wa pili, na hesabu hiyo Zambia ilikuwa imeifanya tangu 1965.

Je, wajua kwamba ofisa wa Tanzania anaweza kufanya kazi yake akiwa ndani ya Zambia?

Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Lungu. Utaratibu wake ni huu: msafiri anayetoka Tanzania hamalizi shughuli Tunduma kisha kuanza upya Nakonde. Anakwenda moja kwa moja Nakonde, na huko anawakuta maofisa wa nchi zote mbili. Anayekuja huku anahudumiwa Tunduma kwa namna hiyo hiyo. Kituo cha kwanza cha aina hii Afrika kilikuwa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 2009, kwa hiyo Wazambia walikuja Nakonde wakiwa na uzoefu wa miaka kumi.

Sasa jiweke kwenye kiti cha msimamizi wa zamu. Kazi iko wazi: nyaraka, muhuri, ukaguzi. Lakini nusu ya watu waliomo ndani ya jengo hilo hawako chini yako. Huwezi kuwaandikia barua ya onyo, huwezi kuwanyima likizo, na wanalipwa mshahara na serikali nyingine. Fiedler alisema mazingira ya kiongozi hupimwa kwa mambo matatu: uhusiano wake na watu, uwazi wa kazi yenyewe, na nguvu za cheo chake. Pale ambapo yote matatu ni mazuri sana, au yote ni mabaya sana, mtu wa kusukuma kazi ndiye anayefanikiwa. Katikati ya hapo, anayejali uhusiano hushinda. Msimamizi wa Nakonde yuko katikati hasa. Amri yake inaishia kwenye meza ya jirani. Kuanzia hapo anabaki na salamu, subira na heshima aliyojijengea. Aliyezoea kuongoza kwa ukali katika kituo cha ndani ya nchi anaweza kufika hapa akashangaa mbona hasikilizwi, ilhali ni yeye yule.

Je, wajua kwamba karibu na Tunduma kiliwahi kuzaliwa chama kilichotangulia siasa za uhuru za Zambia?

Mwenzo ni misheni ya Wapresbiteri wa Scotland, upande wa Zambia, si mbali na Nakonde, katika nchi ya Wanyamwanga ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa, wengine wakabaki Tanzania na wengine ng'ambo. Mwaka 1912 vijana kadhaa wenye elimu ya misheni walianza pale mazungumzo ya kuunda umoja wa kutetea maslahi ya Waafrika. Miongoni mwao walikuwa Donald Siwale, Hezekiya Nyirenda Kawosa na David Kaunda, mhubiri aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, na ambaye baadaye angemzaa Kenneth. Mfano wa katiba waliupata kwa Levi Mumba, aliyekuwa ameanzisha umoja wa namna hiyo huko Karonga, kaskazini mwa Nyasaland.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Eneo hili lote lilikuwa uwanja wa mapigano kati ya Wajerumani na Waingereza, na wanaume walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo. Umoja ulinyamaza. Mwaka 1923 watu walewale wakaufufua, na ukajulikana kama Umoja wa Ustawi wa Mwenzo. Ulidumu hadi 1928.

Kinachonivutia ni aina ya watu hawa. Walikuwa walimu, makarani na wahubiri: watu waliokaa katikati ya serikali na raia, wanaoandika barua za mzungu asubuhi na kusikiliza malalamiko ya jirani jioni. Nafasi hiyo ilikuwa na uchungu wake, maana pande zote mbili zilikuwa na haki ya kuwashuku. Hata hivyo ndiyo iliyowapa ujuzi wa kuendesha kikao, kuandika muhtasari, na kumkabili mtawala kwa lugha yake bila kumtukana. David Kaunda alifariki mwaka 1932, mwanawe akiwa na miaka minane tu. Lakini Kenneth alikulia katika nyumba ambayo mambo hayo yalikuwa ya kawaida, na miaka thelathini na miwili baadaye akawa rais.

Je, wajua kuhusu mmisionari wa Mbozi aliyefundishwa na wale aliokuja kuwafundisha?

Traugott Bachmann, Mjerumani wa Kanisa la Moravian, alianzisha misheni ya Mbozi kwa Wanyiha mwaka 1899. Alifika akiwa mkali. Ngoma ilikuwa dhambi, mila zilikuwa giza, na mwenye wake wawili hakuwa na nafasi kanisani.

Wanyiha aliowakuta hawakuwa watu wa kuamrishwa ovyo. Walikuwa wametoka katika nusu karne ya misukosuko: uvamizi wa Wabemba kutoka upande wa Zambia ya leo, Wangoni, Wasangu wa Merere, na biashara ya watumwa iliyopita katikati yao. Machifu wao walikuwa wengi na wadogo, kila mmoja na eneo lake, na uongozi ulikuwa kwanza ni kazi ya kuwaweka watu hai. Mmoja wa waliokuja kuwa wasaidizi wa kanisa ni Msatulwa Mwachitete, wa ukoo wa kichifu, aliyetekwa akiwa mtoto katika vita hivyo. Masimulizi ya maisha yake yalichapishwa baadaye na bado yanasomwa na wanahistoria. Mtu kama huyo hakuhitaji kuelezwa na mgeni maana ya kupoteza ndugu wala thamani ya ukoo unaokupokea unaporudi.

Bachmann alijifunza Kinyiha vizuri kiasi cha kutafsiri Agano Jipya, lililochapishwa mwaka 1913. Naamini lugha ndiyo iliyombadilisha. Huwezi kumsikiliza mzee akieleza ndoa, deni na msiba kwa miaka kumi na kitu, kwa lugha yake mwenyewe, ukabaki na dharau uliyokuja nayo. Hatua kwa hatua Bachmann alianza kuzitetea mila alizokuwa akizipiga vita, hadi akafikia kusema kwamba mwenye wake wengi asinyimwe ubatizo. Katika kanisa la wakati ule hilo lilikuwa jambo zito, na wenzake hawakulifurahia. Kumbukumbu za maisha yake alizipa jina linalokiri kwamba amewakwaza wengi.

Miaka ile ile ya kukaa Mbozi ingeweza kumfanya kuwa mkali zaidi. Wapo waliokaa muda kama wake sehemu nyingine za Afrika wakaondoka kama walivyokuja.

Na kwa wapenda vya ajabu: huko huko Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kuna Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, mojawapo ya makubwa duniani. Wenyeji walikijua tangu kale. Kwenye kumbukumbu za wataalamu wa nje kiliingia mwaka 1930 tu, utawala wa kikoloni ukiwa na zaidi ya miaka thelathini katika eneo hilo. Hicho ndicho kipimo cha mambo ambayo mtawala anaweza asiambiwe.

Je, wajua kwamba vita vya 1918 vilipita Mbozi vikiwa karibu kwisha?

Jenerali wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewakwepa Waingereza kwa miaka minne, alipita Mbozi mwishoni mwa Oktoba 1918 na kufika Fife, jirani na Nakonde, mwanzoni mwa Novemba. Siku chache baada ya silaha kunyamaza Ulaya, habari zikamfikia karibu na mto Chambeshi. Alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, akiwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, mbali na wapagazi. Ujerumani ilimpokea kama shujaa, na hadi leo vitabu vya uongozi wa kijeshi vinamtaja kwa sifa. Kijiji kilichonyang'anywa ghala lake lote la chakula mwezi wa kilimo kilikuwa na hesabu nyingine. Kila ninaposoma kwamba fulani alikuwa kiongozi mahiri, huwa natafuta kwanza nani alibeba mzigo wake.

Je, wajua kwamba Songwe imeongozwa na watu waliotoka katika fani tofauti kabisa?

Mkoa huu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 998,862 katika wilaya zake. Ya 2022 ikawakuta 1,344,687. Mkuu wa Mkoa wa kwanza, Chiku Galawa, alikuja akiwa tayari amewahi kuongoza mikoa mingine, na kazi yake ilikuwa kuanzisha ofisi ambayo haikuwapo. Aliyemfuata, Nicodemus Mwangela, alikuwa Brigedia Jenerali. Baadaye akaja Waziri Kindamba, aliyetoka kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Mawasiliano, TTCL. Mwaka 2024 akaletwa Daniel Chongolo, Katibu Mkuu wa zamani wa CCM.

Mwanajeshi, mtu wa simu, mtu wa chama: wote wamekalia kiti kimoja Vwawa, wakikabiliwa na kahawa ya Mbozi, barabara za Ileje na foleni ya Tunduma. Ningependa sana kila mmoja wao aandike kurasa chache juu ya jambo moja alilolifanya Songwe kwa namna ambayo asingeweza kulifanya huko alikotoka.